Mstari Ulionyooka

"Hakuna sikio la binadamu linalosikia hivi," alisema Daktari Mkuu, akaigonga chati ya kwanza kwa ncha ya kalamu. "Hata moja. Huu si usikivu, huu ni uchoraji."

Chati zilikuwa tano, na Inspekta alizipanga mezani moja kando ya nyingine. Alikuwa amejifunza kuzisoma asubuhi hiyo hiyo. Upande wa kushoto ilikuwa milio mizito, upande wa kulia milio myembamba kama ya mbu. Juu ilikuwa sauti hafifu kabisa, chini ilikuwa kelele. Mpimaji huweka kidoti pale ambapo mgonjwa alisikia kwa mara ya mwisho, kisha huunganisha vidoti. Mtu mzima mwenye afya hutoa mstari unaopanda na kushuka kama njia ya miguu. Hawa watano walikuwa na mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi, wote kwenye desibeli kumi na tano, sikio la kulia na la kushoto, wiki baada ya wiki.

Na hawa watano sasa walikuwa viziwi.

Hospitali ilikuwa ya kifua kikuu sugu. Sindano zilizowaponya wagonjwa zilikuwa na ubaya wake: zilikula masikio polepole, zikianza na milio myembamba. Daktari Mkuu alikuwa akifanya utafiti wa kidonge alichotumaini kingeyalinda. Kila baada ya wiki mbili kila mgonjwa alipimwa, na yule ambaye chati yake ilianza kuporomoka aliondolewa kwenye sindano, akapewa dawa nyingine isiyo na nguvu sana. Hivyo ndivyo kazi ilivyopangwa. Watano hawa chati zao hazikuporomoka, wakachomwa sindano hadi siku ya mwisho, wakapona kifua, wakarudi nyumbani bila kusikia hata mlango ukigongwa. Ndugu wa mmoja wao alikwenda polisi.

Daktari Mkuu alishatoa hukumu yake kwa barua ya kurasa mbili. Mpimaji alikuwa mmoja tu, mwanamke aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, ambaye wagonjwa walimwita Dada Kengele. Kwa maoni ya daktari, mama huyo alichoka, akakaa mezani na kujaza vidoti bila kumpima mtu. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka kesho saa tatu asubuhi, na kosa la kughushi kumbukumbu za hospitali, na watu watano kupata ulemavu kwa sababu hiyo, halikuwa la kuonywa na kurudishwa nyumbani.

Inspekta alimuuliza swali moja kabla ya kuondoka. "Wewe ungetaka kughushi chati, Daktari, ungechora hivi?"

"Mimi? Ningechora milima na mabonde. Mtoto wa mwaka wa kwanza anajua hilo."

"Na yeye, kwa miaka kumi na mmoja, halijui?"

Daktari Mkuu alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Ilikuwa safi tayari.

Nje, kwenye korido, Sajini aliyekuwa amebeba jalada alicheka kwa pua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mzaha hata msibani. Alisema kwamba mwizi gani huyu, anaiba ng'ombe halafu anamfunga mlangoni kwake na kumvisha kengele.

"Ndicho kinachonisumbua," alisema Inspekta.

*

Kituoni, kwenye benchi la nje ya chumba cha mahojiano, alikaa mwanamke mzee na begi la nguo mapajani. Ndani, kama alivyomweleza kila askari aliyepita, mlikuwa na kandambili, sabuni mbili na sweta. Alikuwa shangazi yake Dada Kengele, ndiye aliyemlea. Alimuuliza Inspekta kama gerezani wanaruhusu sweta lenye vifungo, au watavikata.

"Bado hatujafika huko, mama."

"Najua, baba. Nauliza tu ili nisije nikalirudisha njiani."

Dada Kengele alikuwa na zaidi kidogo ya miaka arobaini, na mikono iliyotulia mezani kama ya mtu aliyezoea kungoja. Alieleza kazi yake bila kuulizwa mara mbili. Mgonjwa huingia kwenye chumba cha ukimya, ambacho wafanyakazi wenyewe hukiita kabati, kwa sababu hakina ukubwa zaidi ya huo. Huvaa hedifoni na kushika kitufe. Yeye hukaa nje, upande wa pili wa dirisha la kioo, mbele ya mashine. Anapobonyeza, mlio hutoka. Mgonjwa akiusikia hubonyeza kitufe chake, na taa nyekundu huwaka mezani. Huanza kwenye arobaini, hushuka tano tano hadi sifuri, kisha huhamia mlio mwingine. Mbele ya mikono yake kuna ubao uliosimamishwa, mgonjwa asione vidole.

"Taa ilipowaka niliandika," alisema. "Isipowaka sikuandika. Mimi si mchoraji, Afande."

Inspekta alimwonyesha mistari iliyonyooka. Aliuliza kama hakuishangaa.

Alizitazama chati moja moja. Kisha alisema kwamba aliishangaa, ndiyo. Miaka yote hiyo hakuwahi kuona masikio ya namna hiyo. "Lakini nilifurahi. Nilidhani kidonge kinafanya kazi. Nilikwenda nyumbani nikamwambia shangazi, tumepata."

Alipoulizwa kama kuna kitu kilibadilika kazini mwaka huo, alitikisa kichwa. Mashine ile ile, meza ile ile. Labda wagonjwa tu, alisema. Zamani walikuwa wakiogopa kabati. Wengine walitoka jasho, wengine waligonga mlango wafunguliwe. Mwaka huu walitulia.

"Kwa nini walitulia?"

"Walizoea, nafikiri."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake: *Waliacha kuogopa. Kwa nini?* Alipiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili.

Saa mbili zilizofuata zilikwenda bure. Fundi wa mashine alikuja na kipimo chake, akachunguza, akasema mashine haina tatizo. Sajini alimshikia bango Daktari Mkuu, maana alipata kwenye droo yake hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya mkutano wa madaktari ng'ambo, na chati zile tano zilikuwa ukurasa wa kwanza. Nani aliyefaidika na mstari ulionyooka, aliuliza, kama si yeye? Lilikuwa wazo zuri hadi walipoomba pasipoti. Kati ya siku za vipimo vile, saba daktari alikuwa nje ya nchi. Na vidoti vyote vilikuwa vya mkono mmoja, mkono wa Dada Kengele, ambao yeye mwenyewe hakuukana.

"Basi tumebaki na watano wenyewe," alisema Inspekta.

"Viziwi watano, Afande. Utawahoji kwa filimbi?"

"Kwa kalamu."

*

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa fundi saa, na kwa jina hilo hilo mtaa mzima ulimjua. Kibanda chake kilikuwa dirisha tu, meza na kioo, na nyuma ya kioo trei za springi, mishale na mifuniko. Fundi Saa alikuwa ameinama, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, kibano mkononi. Mkewe alikaa pembeni akipokea wateja. Daftari la shule lilining'inia ukutani kwa kamba, pamoja na penseli, na hilo ndilo lililokuwa sikio la kibanda.

Inspekta aliandika yeye ni nani na anataka nini. Fundi Saa alisoma, akajibu kwa maandishi yaliyopangwa vizuri kuliko ya daktari yeyote. Alisema hospitali alisikia vizuri. Masikio yaliharibika baadaye, nyumbani. Vipimo vyote alipimwa, hakuna aliyejaziwa vidoti. Mpimaji hana kosa.

Maneno yake yalimtetea Dada Kengele, na kwa mwendesha mashtaka yasingefaa kitu. Mkewe, aliyekuwa akisoma kwa pembeni, alikunja uso. Alimwambia Inspekta kwa sauti ya chini kwamba siku mumewe aliporudi, alimwita jina lake mlangoni mara nne na hakugeuka. Siku ile ile ya kwanza. Hiyo baadaye ilikuwa lini?

Inspekta alimkonyeza Sajini. Sajini alizunguka taratibu nyuma ya fundi, akaliacha fungu la funguo lianguke juu ya ndoo ya bati.

Kishindo kilikuwa kikubwa. Fundi Saa hakutikisika; kibano chake hakikuyumba hata unywele. Lakini mkewe alipepesa macho, akarudi nyuma kidogo, na papo hapo fundi aligeuka akatazama nyuma, sawasawa pale zilipoangukia funguo.

Inspekta alivuta daftari. Aliandika polepole: *Hukusikia funguo. Ulimsoma mkeo. Kule hospitali ulimsoma nani?*

Fundi Saa alitoa lenzi jichoni. Aliiweka mezani, akakiweka na kibano, akapanga vyote viwili vilingane. Kisha alichukua penseli, na hakuiacha kwa muda mrefu.

*Mimi ni fundi wa saa,* aliandika. *Wiki ya sita niliweka saa yangu sikioni nikadhani imesimama. Nikaifungua. Ilikuwa inatembea.*

*Hukumwambia mtu?*

*Jirani yangu wa kitanda alisema hasikii vizuri. Wakamtoa kwenye sindano. Alikufa kabla mvua hazijaanza. Nina mke na binti wawili. Nikachagua.*

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake sasa, mkono mdomoni.

Aliendelea kuandika, na Inspekta alisoma maneno yakitoka kwenye penseli. Mikono ya Dada Kengele ilifichwa na ubao. Bega halikufichwa. Kila alipobonyeza, bega lake la kulia lilishuka kidogo, upana wa punje ya mchele. Mtu mwingine asingeliona. Yeye alikuwa ametumia miaka ishirini na miwili kutazama vitu vidogo kuliko hivyo. Bega likishuka, alibonyeza. Alihesabu: kila mlio ulishuka ngazi tisa. Alijibu sita za kwanza, akaacha tatu za mwisho, kwa sababu angejibu zote wangeshtuka. Wale wengine wanne aliwafundisha yeye, kwenye benchi la kungojea, kwa ishara za vidole.

Sita za kwanza. Inspekta alihesabu kwa vidole chini ya meza: arobaini, thelathini na tano, thelathini, ishirini na tano, ishirini, kumi na tano.

*Mliwezaje kumwona?* aliandika.

*Aligeuza kiti. Zamani kilitazama ukuta. Ndugu Inspekta, nilikaa mle miezi tisa. Madaktari, manesi, wafagiaji, wote barakoa. Hata mke wangu alipokuja alivaa. Uso mmoja tu niliuona mzima, wake, kwa sababu yuko nyuma ya kioo na anaivua. Tulimwambia tunaogopa kabati. Akageuza kiti ili tumwone. Akimaliza anatuonyesha kidole gumba. Asifungwe. Hakutuonea.*

"Kwa hiyo ulijua," alisema mkewe. "Tangu wiki ya sita ulijua." Alisema hivyo nyuma ya kisogo chake, akakumbuka, akanyamaza. Alichukua penseli mkononi mwa mumewe ili aandike. Aliishika juu ya karatasi, kisha akairudisha bila kuandika neno, akamwekea kiganja mgongoni.

Fundi Saa alisaini kila ukurasa. Alipomaliza alizungumza kwa mara ya kwanza, kwa sauti kubwa isiyo na vilima, sauti ya mtu asiyejisikia. Aliuliza kama hiyo inatosha.

Haikutosha. Inspekta alilijua hilo kabla hawajafika kwenye gari. Daktari Mkuu angesema mgonjwa aliyepona anamlipa fadhila mtu aliyekuwa mwema kwake, na mwendesha mashtaka angekubaliana naye. Upana wa punje ya mchele. Nani ataamini?

*

Zulia la chumba cha ukimya lilikuwa la kijivu, nene, la kunyonya hatua. Inspekta alipiga magoti na tochi. Kulikuwa na mashimo manne ya miguu ya kiti yaliyozama sana, ya miaka mingi, na kutokana nayo kiti kilikuwa kimetazama ukuta. Pembeni yake kulikuwa na mashimo mengine manne, mapya, na ndani ya hayo ndimo kiti kilimosimama sasa, kikitazama dirisha. Sajini alipiga picha.

Kisha Inspekta aliomba kitabu cha kazi cha kila siku, na humo akapata maandishi ya mviringo ya Dada Kengele, wiki moja kabla ya mstari wa kwanza kunyooka: *Nimegeuza kiti kitazame dirishani. Wagonjwa wanaogopa, wanataka kuniona. Mikono yangu iko nyuma ya ubao. Naomba idhini.* Chini yake neno moja, *Sawa*, na saini.

Saa tisa alasiri Dada Kengele aliletwa na askari wa kike. Shangazi alikuja naye. Aliambiwa abaki garini, akashuka. Daktari Mkuu alisimama karibu na mlango, mikono ndani ya mifuko ya koti. Inspekta alieleza kwamba jalada linahitaji maelezo ya kazi inavyofanyika, na njia fupi ni yeye, Inspekta, apimwe. Hakusema zaidi ya hapo.

Dada Kengele aliketi mbele ya mashine kama mtu aliyerudi nyumbani. Alivua barakoa, akamuuliza Inspekta maswali anayomuuliza kila mtu: amewahi kuumwa masikio, amewahi kufanya kazi kwenye kelele. Inspekta alitaja uwanja wa shabaha. Aliambiwa basi sikio la upande wa bunduki lisimtie aibu likionekana limechoka. Dada Kengele alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Aliingia kabatini. Mlango mzito ulifungwa, na ukimya ukamjaa masikioni kama maji. Alivaa hedifoni. Kwa mkono wa kushoto, nyuma ya kiti, alifuata waya hadi kwenye soketi ya ukutani, akachomoa plagi, akaiacha ilale juu ya zulia.

Kisha aliinua macho. Uso wa Dada Kengele ulikuwa pale nyuma ya kioo, wazi, ukimtazama kwa upole, na Inspekta alielewa kwa nini mtu angependa kuutazama. Aliinua nyusi: tayari? Inspekta alitikisa kichwa kukubali.

Mara ya kwanza alilikosa bega. Mara ya pili alikisia. Mara ya tatu aliliona: mshono wa bega la blauzi yake ulisogea, ukarudi. Tangu hapo haukumpotea. Alijibu sita, akaacha tatu. Sita, akaacha tatu. Milio saba kila sikio, na hakukuwa na mlio hata mmoja. Mwisho Dada Kengele aliinua kidole gumba.

Alipotoka, chati ilikuwa mezani. Dada Kengele alikuwa akimalizia kuunganisha vidoti.

"Mwanzoni ulisinzia kidogo, nikarudia," alisema. "Baada ya hapo masikio yako ni mazuri sana, Afande. Hata la bunduki..." Kalamu ilisimama. Alitazama alichokichora. Ulikuwa mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi, kwenye kumi na tano. "Mazuri sana," alisema tena, lakini sauti ilikuwa imemwishia.

"Daktari," alisema Inspekta, "naomba ukaangalie nyuma ya kiti."

Daktari Mkuu aliingia kabatini. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa ameshika hedifoni kwa mkono mmoja, na plagi ikining'inia kwenye waya chini ya goti lake.

"Haijachomekwa," alisema.

Dada Kengele alitazama plagi, akatazama chati, akamtazama Inspekta. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Nini?" aliuliza. "Mikono imefichwa. Nini?"

"Bega lako la kulia."

Alilishika bega kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeambiwa kuna mdudu. Inspekta alimweleza yaliyobaki kwa ufupi: fundi saa, benchi la kungojea, jirani wa kitanda aliyeondolewa kwenye sindano. Alimwambia kwamba hakughushi kitu, kwamba kila kidoti aliandika kwa haki, na kwamba jalada halitakwenda popote kesho. Alimwekea Daktari Mkuu kitabu cha kazi mbele yake, kikiwa wazi.

Daktari alisoma mistari ile minne. "Saini yangu," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Nasaini vitabu ishirini kwa siku. Sikusoma." Hakujitetea zaidi ya hapo. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa cha nje, na barua yake ya kurasa mbili, iliyokuwa mfukoni mwa koti, ilikunjika.

Shangazi alikuwa ameelewa jambo moja tu, nalo lilimtosha. Aliinua begi. "Basi twende nyumbani, mwanangu."

Dada Kengele hakumsikia, au alimsikia akashindwa kuinuka.

"Walikuwa wanazidi kuwa viziwi hapa mbele yangu," alisema. "Hatua mbili kutoka hapa. Na mimi nawaonyesha kidole gumba."

"Wao ndio walioficha," alisema Inspekta.

"Kiti nilikigeuza mimi." Alimtazama bila hasira. "Ungechelewa siku moja tu, Afande. Ningeingia gerezani nikijua sikumdhuru mtu."

Sajini, ambaye kila siku alikuwa na neno, alijishughulisha na kufunga kamera.

*

Walikuwa bado hapo Fundi Saa alipokuja na mkewe. Hakuitwa. Alivua kofia mlangoni, akamwona Dada Kengele, na kwa muda wote wawili hawakujua pa kuweka macho. Mkewe alikuwa amebeba daftari la kibanda. Alimpa Inspekta, likiwa limefunguliwa ukurasa mpya.

Humo fundi aliomba kupimwa. Mara moja, kwa haki. Alitaka kwenye jalada lake kuwe na chati ya kweli hata moja.

Inspekta alimpelekea Dada Kengele daftari. Alidhani ataikataa kazi hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Dada Kengele alisoma ombi mara mbili. Kisha aliinuka, akaingia kabatini, akakigeuza kiti kwa mikono yake, akakisukuma hadi miguu minne ikaangukia kwenye mashimo ya zamani. Alichomeka plagi. Fundi Saa aliketi, uso kwa ukuta, mgongo kwa dirisha. Dada Kengele alimvalisha hedifoni mwenyewe, akaziweka sawa kama mtu anavyomwekea mtoto kola, akamwekea kitufe mkononi.

Alirudi mezani. Daktari Mkuu alisogea akasimama nyuma yake, na safari hii alitazama.

Dada Kengele alianza kwenye arobaini. Bega lilishuka, upana wa punje ya mchele, na sasa kila mtu chumbani aliliona. Taa haikuwaka. Hamsini. Sitini. Alikuwa akipanda badala ya kushuka. Kwenye tisini sauti ya hedifoni ilisikika nje kupitia kioo kinene, nyembamba, kama birika linalochemka chumba cha mbali. Mke wa fundi aliisikia. Mumewe alikaa wima, kidole gumba juu ya kitufe, akingoja kwa uaminifu wote. Taa haikuwaka. Mpimaji alifika mwisho wa mashine, akahamia mlio mwingine, akafika mwisho tena. Milio saba, sikio la kulia. Milio saba, sikio la kushoto. Kila mara aliandika alama ile ndogo ambayo kwa miaka kumi na mmoja aliiandika kwa nadra, ya mahali ambapo mashine imeishiwa.

Aliandika tarehe, akasaini, akasukuma chati kwa Inspekta. Hapakuwa na mstari wa kuunganisha.

Kisha, kwa mazoea, alitazama dirishani akainua kidole gumba. Kiti kilikuwa kimetazama ukuta. Fundi Saa aliendelea kukaa, kitufe mkononi, akingoja mlio uanze.